Deraya Moja, Mashujaa Wawili

Jumanne, Utange

Kazungu ametoka kazini na amenipigia mara tatu. Sijashika.

Siku thelathini tumecheza gemu hili kwa akaunti moja, maana ukikosa siku moja unaanza upya. Kiwandani kwao Changamwe simu huachwa kwa mlinzi, kwa hiyo mchana ni zamu yangu, jioni yake. Leo zawadi imefunguka: deraya ya dhahabu, ya kuvaliwa na shujaa mmoja tu. Sisi tunao wawili, wake na wangu.

Tulikubaliana tuchague pamoja. Nikamvisha wangu. Haivuliwi tena.

Na gemu lenyewe! Lingetoa mbili lingepungukiwa nini?

Jumapili tulipotoka sinema Nyali, ni mimi niliyefoka njia nzima. Mashujaa sita, watano wanapigwa mpaka wanazimia, halafu mmoja anaruka mwishoni na kushangiliwa na mji mzima. "Yule si mwenzao, ni mwizi," nilimwambia Kazungu. Akacheka: "Wewe nawe, filamu yakupandisha presha!"

Amepiga tena. Nimeshika.

"Vipi, imefunguka?"

"Bado. Mtandao wasumbua."

"Sina bando mpaka nifike nyumbani. Ikifunguka mvishe wako, ndugu yangu. Wewe ndiwe uliyeshinda na hilo gemu mchana kutwa."

Nimemshukuru. Nilipokata simu ndipo nilipokumbuka kwamba gemu huandika na saa: deraya imechukuliwa saa saba mchana.

Na jioni ni zamu yake.