Maji ya Kisima cha Mama

Kaka yangu,

Mama hajambo, anakusalimu. Paa la jikoni limezibwa, halivuji tena.

Kazini, maabarani, tunajaribu kipima maji kipya, kibamba kilichopakwa chembe ndogo kuliko vumbi. Kikimulikwa hutoa umeme. Maji yakiwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, umeme hushuka. Nilihitaji maji safi ya kulinganishia, nikachota ya kisima cha nyumbani. Umeme ukashuka. Nikasuuza chupa, nikarudia mara tatu; ukashuka kila mara.

Nilipomwambia mama, akasema, "Maji haya haya ndiyo yaliyowalea." Nilikifunga kisima kwa mnyororo, naye akanishikia kufuli.

Sasa kuhusu binti yako, tunayeishi naye hapa. Ametimiza miaka minne na bado hasemi. Sote tulikuwa tukijifariji kwamba kila mtoto na siku yake. Jumatatu nilimpeleka hospitali. Damu yake ina risasi, nyingi; huenda ndiyo iliyomchelewesha kusema. Ameanza dawa. Alipochomwa sindano hakulia, alinishika kidole tu. Mimi pia sijalia, sijui kwa nini.

Daktari aliuliza, "Baba yake yuko wapi?"

Nimemwambia uko njiani.

Mdogo wako