Kitambaa Chekundu Mlangoni

Bagamoyo, Jumanne

Kwa kaka yangu Shamsudin,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Hujambo huko Dar? Wifi na watoto hawajambo? Huku tu wazima, alhamdulillahi, ila goti la mama bado limevimba.

Nataka nikueleze vizuri alivyoanguka, maana kwenye simu ulipandisha mori hukunisikiliza. Ausi, jirani yetu, amenunua bajaji ya umeme. Uani kwake haiingii, kwa hiyo huiegesha barabarani na kuichaji kwa waya unaotoka dirishani mwake na kukatiza njia ya waendao kwa miguu. Watu wanauruka, wengine wanashuka barabarani wapigiwe honi. Nilimwambia, akasema atautundika juu akipata fundi. Fundi gani huyo, Bagamoyo nzima hayupo?

Moyo wangu haukuwa safi juu yake, kaka. Si alitaka tumuuzie kiwanja chetu, mama akakataa? Tangu siku hiyo salamu zake zimezidi utamu. Kisha nikaona waya umefungwa kitambaa chekundu, mbele ya mlango wetu hasa. Nikajua huyu katutegea. Nikanyunyizia hapo maji ya kombe, yale yaliyooshewa aya sahanini, nikamkataza mama asikiruke kitambaa kile. Akaniuliza kitambaa gani, nikadhani ananitania. Akasema mchawi gani anayemletea jirani futari.

Siku ya pili mama akajikwaa hapo hapo, alasiri, jua linawaka. Uliposema Ijumaa unakuja na askari, nilifurahi, sikufichi.

Nikamwendea Ausi kumpa maneno yake. Akajibu kwa upole kwamba kitambaa alikifunga ili watu wauone waya, na kwamba anashangaa, mama aliuendea moja kwa moja. Sikumwamini hata kidogo. Lakini nilipofika nyumbani nikamnyooshea mama kikombe cha chai, nikanyamaza. Hakukipokea. Nikakisogeza mpaka karibu na uso wake. Wapi!

Akanisikia ninavyohema. Akasema, “Zuhura, usimwambie kaka yako. Atanipeleka ghorofani kwake, nikafie huko.”

Kumbe tangu mfungo uliopita haoni ila kivuli. Nyumba anaijua kwa mkono, mtaa kwa miguu, na waya haukuwa katika mtaa anaoujua yeye. Nimelia, kaka. Ausi ana kosa lake, njia ya watu si pa kulaza waya, na jana ameutundika. Ila askari usije nao. Njoo na gari tumpeleke kwa daktari wa macho, kisha tumrudishe hapa hapa kwake. Hilo niahidi kabla hujafika.

Ningekupigia simu, lakini masikio yake hayapitwi na neno. Naandika nimekaa naye barazani, bega kwa bega, karatasi iko wazi mbele ya macho yake. Ameniuliza naandika nini, nikamwambia namsalimia kaka.

Naye anakusalimu sana. Anasema nikuandikie kwamba yeye ni mzima, hana tatizo lolote.

Mdogo wako,
Zuhura