Frère Evariste aliita majina yetu

Pitshou, uko? Frère Evariste, mwalimu wetu wa zamani, aliita majina yetu leo.

Si ya batoto ya classe yake ya sasa. Yetu, ya 1994.

Unajua asubui haangaliake cahier ya majina, anaitaka majina ya bote kwa kichwa. Minye nilitoka mu classe yenye ninafundishaka, kumuomba craie ya kuandika ku ubao, nikasikia kwake: "Idrissa!" Batoto bakaangaliana. "Philomène!" Hapana hata mumoja alicheka.

Kisha: "Donatien!"

Donatien wetu, mwenye tulizika mwaka jana. Mutoto wake Carmel akasimama, akasema: "Présent, Frère."

Pitshou, alisema vile. Présent. Frère akakubali kwa kichwa, akaendelea kuita.

Kisha akaita jina yako. Akatosha lunettes ku macho, akangoja, akaita tena. Sijue nilifanya namna gani, minye njo niliitika: "Présent, Frère."

Akaniangalia. "Pitshou, weye siku zote unabakiaka pa mulango. Ingia, ikala."

Niliingia. Niliikala pa banc, pembeni ya Carmel. Alitufundisha kugawanya mpaka kengele ikalia, na hakukosea hesabu hata moja.