Jina Ambalo Babu Hakulitaja

Babu,

Nimeandika neno "mpendwa" mara mbili na mara zote mbili nimelikata.

Unakumbuka ulivyonifundisha majina ya ukoo? Tulikuwa tunapukuchua mahindi, wewe unataja, mimi nafuatisha, nikikosea unanirudisha mwanzo. Mimi ninayeogopa hata kusalimia wageni, kwako nilitaja vizazi saba bila kukwama. Ulicheka ukaniita kitabu chako. Nilijivuna mwaka mzima.

Mwishoni uliweka maneno haya: "na yule tuliyemtwaa kwa mbuzi watatu." Nilidhani ni mahari. Hukunisahihisha.

Mwezi uliopita walimu wa historia wa shule tatu, yetu, ya Mombo na ya Mlola, waliungana kutufundisha mada ya utumwa. Walitukusanya kwenye bwalo letu, wakasema tusiishie kwenye misafara ya pwani, kila mmoja alete anachojua kutoka kwao. Nilinyoosha mkono, Babu. Mimi! Nikataja majina yote mpaka yule wa mbuzi.

Mvulana wa Mombo akapaza sauti, "Mbuzi watatu? Mahari ya kutupa hiyo!" Bwalo zima likacheka. Walimu hawakucheka. Yule wa Mlola akaniuliza taratibu, "Mbona huyo hana jina? Na waliopokea hao mbuzi ni akina nani?"

Aliyesimama ni Zaina, jirani yetu, niliyekaa naye dawati moja. Unawajua watu wa kwao. Kila tukifanya tambiko wanateka maji na kupasua kuni, halafu wanakaa nje ya uzio wakati majina yanatajwa. Niliwahi kukuuliza kwa nini. Ulisema, "Hao ni watu wetu wa nyumbani, wameshazoea."

Zaina akasema, "Anaitwa Nakijwa. Alitekwa Upare akiwa mdogo kuliko sisi, wakamnunua hao mababu zake huyu. Sisi ni wajukuu zake. Jina tunalo siku zote. Hawajawahi kutuuliza."

Tangu siku hiyo amehama dawati.

Ulijua, Babu. Ulijua ukanitia maneno yale mdomoni, nikayasema mbele ya shule tatu huku natabasamu. Mama ananiambia marehemu hasemwi vibaya. Na Nakijwa je? Yeye si marehemu?

Jumamosi kuna tambiko kwenye kaburi lako, na uliacha neno kwamba mimi ndiye nitaje majina. Nitasimama, nitaanza na Nakijwa. Zaina nimemwomba aingie ndani ya uzio na bibi yake. Hakunijibu. Baba mdogo yeye amenijibu: "Thubutu uone, nitakutoa mbele za watu!"

Anitoe. Hakuna mwingine anayejua mpangilio wote, na sasa lako ndilo jina la mwisho. Wakinizuia kutaja la kwanza, la mwisho hawatalisikia.

Pumzika, kama unaweza.

Mjukuu wako