Tundu Ndani ya Dayodi

3 Machi

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Huku tu wazima. Mama yako anakohoa kidogo, ila ulimi wake haujaguswa. Wewe hujambo? Kazi ya kiwandani inakwendaje?

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu nasikia nusu, na hili nataka kulisoma mara kumi. Mafundi wote wa redio tumeambiwa tufanye mtihani wa leseni mwezi wa sita. Atakayeshindwa anafunga kibanda. Wametugawia maswali ya kujiandaa, na la kwanza ni hili: "Eleza kwa nini dayodi hupitisha umeme upande mmoja tu." Mwanangu, nimebadilisha dayodi miaka thelathini na moja. Iliyokufa naijua, nzima naijua, mstari wake uelekee wapi naujua. Kwa nini? Wallahi sijawahi kujiuliza. Nikifunga kibanda nitashinda nyumbani na mama yako kutwa nzima, na mwezi hatuumalizi.

Wewe umesomea mambo haya. Nisaidie.

Baba yako

15 Machi

Baba, shikamoo.

Mpe mama pole. Mimi mzima, bado napima vipande vya silikoni, zamu ya asubuhi.

Jibu lako ni fupi. Ndani ya dayodi kuna kipande cha silikoni chenye pande mbili zilizoungana. Upande mmoja una elektroni za ziada, upande wa pili una matundu. Kwenye maungio, elektroni huvuka zikajaza matundu ya jirani, na katikati hubaki ukanda usio na cha kubeba umeme. Huo ndio kizuizi. Ukiunga betri sawasawa, ukanda unapungua na umeme unapita. Ukiigeuza, unapanuka na umeme unakwama.

Mwanao

24 Machi

Mwanangu,

Salamu. Mama yako amepona, sasa anakohoa kwa makusudi.

Nilipopata barua yako nilichukua dayodi mbovu tisa nikazipasua kwa koleo, moja moja, nikachungulia kwa lenzi. Tundu sikuona hata moja! Mteja aliingia akanikuta nimeinama, akaanza kunisaidia kutafuta kilichoanguka. Sasa hayo matundu yako wapi? Au mwalimu wako alikudanganya nawe ukabeba kama ulivyopewa? Ndiyo maana ulipokuwa mdogo nilikuwa nakufukuza mezani pangu. Kazi hii si ya watoto wa kike, inataka jicho la fundi.

Nieleze tena, siku zinakwenda.

Baba yako

2 Mei

Baba, shikamoo.

Umepiga simu mara nne sikupokea. Sikuwa mgonjwa, niliudhika. Maneno yale uliniambia nikiwa na miaka kumi, ukaninyang'anya bisibisi mbele ya wateja. Nilikwenda kulia chooni. Sijui kama unakumbuka.

Leo nimeisoma tena barua yako, nikafika pale pa koleo, nikacheka mpaka mwenzangu akaja kuuliza kulikoni. Siwezi kukuacha ufeli, baba. Na kosa ni langu, ningekueleza vizuri.

Tundu si shimo. Ni nafasi ambayo elektroni ingekuwepo na haipo. Fikiria benchi la zahanati. Wa kwanza akiitwa kwa daktari, wa pili anasogea, wa tatu anasogea, mpaka wa mwisho. Watu wanakwenda mbele, nafasi inarudi nyuma. Hakuna aliyetoboa benchi! Nafasi hiyo ndiyo tundu.

Kwenye maungio, elektroni zikishavuka, upande ule wa matundu unakuwa na hasi nyingi, na hasi hufukuza hasi, kwa hiyo nyingine zinazuiwa. Ili zivuke lazima zisukumwe. Ile volti sifuri pointi sita au saba unayoiona kwenye mita ukipima dayodi nzima, ndiyo hiyo nguvu ya kusukuma. Umekuwa ukiisoma miaka yote, baba.

Mwanao

19 Juni

Mwanangu,

Hujambo mama? Sisi wazima.

Sikukujibu mapema kwa sababu niliona haya. Bisibisi naikumbuka. Ilikuwa redio ya yule mshonaji, nilikuwa nimehangaika nayo siku mbili, ukaja wewe ukagusa waya mmoja ikaimba. Wateja walicheka. Jicho ulikuwa nalo, tena kunishinda, nami sikuweza kulivumilia. Nilikosea sana. Nisamehe, mwanangu.

Mtihani nimefanya jana. Mtahini ni kijana wa tai, akaniambia nieleze kwa mdomo. Nikamweka kwenye benchi, nikamketisha na wagonjwa, nikamsogeza mpaka kwa daktari. Akaacha kuandika akawa ananisikiliza. Leseni nimepata, nimeigongomelea juu ya mlango. Mama yako anasema imekaa upande.

Kwenye fomu palikuwa na mstari: jina la aliyekufundisha. Nikaandika lako, majina yote matatu. Akalisoma, akaona la mwisho ni langu, akauliza kama tu ndugu. Nikamwambia ni binti yangu. Akatabasamu, akasema, "Kumbe mzee ndiye uliyemwanzisha."

Nikamwambia hapana. Mimi nilimfukuza, akajifunza hivyo hivyo.

Baba yako