Tairi Nililompa Yared

Kijiji cha Ulaya, Kilosa
2 Machi 2025

Mwanangu Naishorua,

Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Mikumi, wewe na wote wa dukani kwa Mudathir. Sisi hatujambo. Mama yako anafika hadi kisimani sasa, na ameanza kunigombeza, kwa hiyo najua amepona. Habari za simu achana nazo. Masikio yangu humo hayasikii ila kelele za nyuki.

Siku mama yako alipozidiwa, maji yalikuwa yamekata barabara. Yared akaingiza pikapu yake ya abiria humo humo akamfikisha hospitali. Nilipotaka kumlipa akanuna kabisa. Basi nimempa tairi. Lilikuwa kwenye rundo nililonunua la kukatia katambuga, spea ambayo haijawahi kugusa barabara, hata vile vinyweleo vya mpira bado vipo. Nilijaribu kisu ukingoni, kikateleza. Mpira mgumu namna ile ndio watu huvaa miaka kumi, nikaona hili si la kukata, ni la kumpa mtu.

Unajua kwetu ukimpa mtu ng'ombe mnaacha majina, mnaitana kwa ng'ombe yule. Sasa soko zima linatucheka. Yeye ananiita Tairi, na mimi namwita Tairi.

Kabla sijampa nilinakili maandishi ya ubavuni: 195/70R14 91S, na ndani ya kiduara kidogo 3809. Wewe, matairi ndiyo kazi yako. Nisomee, nijue nimempa rafiki yangu kitu cha namna gani. Barua anakuletea mwenyewe.

Baba yako,
Kulet

*

Mikumi
9 Machi 2025

Baba, shikamoo.

Mimi mzima. Nimefurahi mno kusikia mama anagombeza. Msalimu sana.

Nakusomea kama ulivyotaka. 195 ni upana wa tairi kwa milimita. 70 ni kimo cha ubavu, asilimia sabini ya upana huo. R ni jinsi nyuzi zilivyolazwa ndani. 14 ni rimu, na ndiyo maana liliingia kwa Yared bila shida. Wateja wengi hapa husoma hiyo 14 tu, wakaondoka wameridhika.

Sasa baba, kaa chini. 91 ni mzigo. Maana yake tairi moja libebe kilo mia sita na kumi na tano, basi. Hilo ni tairi la gari dogo la kwenda nalo kanisani. Pikapu ya Yared inataka lenye herufi C baada ya 14, na mzigo 106, yaani kilo mia tisa na hamsini. Na hiyo 3809 ni siku ya kuzaliwa kwake: wiki ya thelathini na nane, mwaka 2009. Nilikuwa darasa la pili. Mpira ukikaa miaka hiyo yote unakauka, hata kama haujatembea hatua moja. Ule ugumu ulioupenda ndio ugonjwa wenyewe. Kwa katambuga ni sawa kabisa, mguu haukimbii kilomita themanini kwa saa.

Yared yuko hapa ng'ambo ya barabara kila Jumanne na Alhamisi, anashusha abiria. Nilitaka nimtafute leo leo nimwambie. Lakini ni zawadi yako, nikaona nikuulize kwanza. Niruhusu nimwambie, au mwambie wewe. Tafadhali baba, isipite wiki.

Binti yako,
Naishorua

*

Ulaya
16 Machi 2025

Mwanangu,

Marahaba. Tuko salama, mvua inanyesha, ng'ombe wanashiba.

Barua yako nimeisoma mara nne na sikuipenda hata mara moja. Miaka ishirini nakata mpira, leo nafundishwa mpira na mtoto niliyemfunga katambuga za kwanza mguuni. Lakini sisemi umekosea. Ninachosema ni kwamba usimwambie. Nikienda kwa Yared kusema nirudishie, lile halifai, nimemwita mjinga na nimejiita mwongo, na jina letu limekufa pale pale. Aliingia majini kwa ajili ya mama yako.

Nitafanya hivi. Nitauza beberu mnadani, ninunue tairi zima, nimpelekee kama nyongeza. Nitamwambia lile la kwanza liwe spea. Hatajua, na hakuna atakayeaibika. Nipe mpaka mwisho wa mwezi. Nakuamuru kama baba, funga mdomo.

Baba yako

*

Mikumi
Alhamisi, 20 Machi 2025

Baba, shikamoo.

Naandika nimesimama. Yared yuko nje anapakia mifuko ya saruji, na abiria wanakaa juu ya mifuko. Nimevuka nikajifanya namsalimu, nikaangalia. Ni la nyuma kushoto. Ubavuni kuna ufa mrefu kama kidole changu. Aliniuliza, mbona unakodolea macho tairi la baba yako, unalitamani? Nikacheka. Nimefungua mdomo nikaufunga, kama ulivyoamuru, na ninajichukia.

Mudathir amekubali kunipa tairi, 195R14C, 106, la mwaka jana, anikate kwenye mshahara. Beberu wako mwache. Jumamosi nalituma kwa basi. Ila leo Yared akikukabidhi barua hii, mwambie hapo hapo asipakie tena. Usipomwambia wewe, Jumanne namwambia mimi, na radhi yako nitakuja kuiomba baadaye.

Naishorua wako

*

Ulaya
27 Aprili 2025

Mwanangu,

Sijui nikusalimu vipi. Mama yako mzima.

Habari za ajali ya Alhamisi ile zilifika Mikumi siku ile ile, kwa hiyo sitakusimulia. Consolata muuza maharage tulimzika kesho yake, Ijumaa. Mwalimu Melkizedek walimchukua wakamzike kwao Vidunda. Umenyamaza mwezi mzima, na mimi nimenyamaza. Barua yako ilikuwa mfukoni mwa shati la Yared. Muuguzi alinipa ikiwa bado imefungwa, na damu pembeni.

Mguu wamemkata juu ya goti. Askari wanasema aliendesha ovyo, kesi inamngoja akitoka wodini. Yeye anasema alikwepa shimo. Anawaambia wagonjwa wenzake kwamba tairi lilikuwa jipya, alipewa na rafiki yake. Nimekwenda mara tatu nimekusudia kusema. Kila nikiingia anainua mkono, anasema, "Tairi, umekuja." Nami najibu, "Tairi," nakaa, namenya chungwa, naondoka. Mimi mzee mzima, mwanangu, naogopa mtu aliyelala.

Nilikwenda penye pikapu na kisu changu. Nimekata ubavu pale penye namba, kipande kiko humu ndani. Ile amri yangu nimeiondoa. Wewe unajua kusoma. Msomee.

Baba yako

*

Mikumi
4 Mei 2025

Baba, shikamoo. Msalimu mama.

Nilikwenda hospitali Kilosa jana. Nilimwekea Yared kile kipande mkononi nikamsomea, namba moja baada ya nyingine, kama nilivyokusomea wewe. Alipitisha kidole juu ya 3809 muda mrefu.

Akauliza tulijua lini. Nikamwambia tarehe tisa Machi mimi, na wewe siku chache baadaye. Akauliza barua aliyokuwa nayo mfukoni ilisema nini. Nikamwambia, yote, hata kwamba nilicheka. Nililia, yeye hakulia.

Kipande amebaki nacho, atakipeleka mahakamani. Huenda tutaitwa, baba. Mimi nitasema.

Nilipofika mlangoni aliniita nirudi. Akasema, "Mwambie Kulet asije tena."

Binti yako,
Naishorua