Sauti ya Shangazi Ukumbini

Nizwa, Omani

Dada yangu Mwanaisha,

Shikamoo. Naomba haya yakukute mzima, wewe na shemeji na wanao, na goti lako liwe limepoa. Sisi afya tunayo, alhamdulillahi, ila roho yangu inachemka. Sikupiga simu kwa sababu simu yetu iko sebuleni, na haya si ya kusemwa mbele ya wanaume.

Unamkumbuka Margareti, yule mwalimu wa Kiaustralia niliyekuhadithia, aliyekuja chuoni hapa kuchunguza mila za sisi tuliorudi kutoka Afrika? Kala kwangu, kalala kwangu. Siku moja kwenye sinia la wali alitueleza habari za wenyeji wa asili wa nchi yao. Alisema wale hawatupi ujuzi njiani: kuna mambo ya wanawake ambayo mwanamume hasikii, kuna hadithi ya mlima ambayo huambiwi mpaka wazee waone unaweza kuibeba. Wazungu walizichukua wakazitia vitabuni bila idhini, alisema, wakawadhulumu. Machozi yalimlengalenga. Shangazi Zuwena akaninong'oneza, "Huyu ana adabu. Mlete kwangu."

Basi Shangazi, somo wetu, aliyetufunda mimi na wewe tulipowekwa ndani kabla ya kuolewa, akamfungulia mlango. Akamwimbia, akamfafanulia. Margareti akaomba kurekodi, akasema ni kwa masomo yake tu, Shangazi akakubali.

Wiki iliyopita chuo kikafanya maonyesho, nikaenda na binti yangu Raya. Ukumbi umejaa, wanawake kwa wanaume. Mara nasikia sauti ya Shangazi kwenye spika, anamfunda biharusi! Na ukutani tafsiri ya Kiarabu, kaifanya mwanafunzi wa kiume. Baba wa mchumba wa Raya alikaa safu ya mbele, na Kiswahili anakijua kama wewe na mimi. Aliinamisha kichwa, akatoka. Raya alijifunika uso kwa mtandio.

Nilimfuata Margareti pale pale. "Si wewe uliyetwambia habari za kwenu?"

Akanijibu kwa upole, ule upole unaoudhi: "Lakini mama alikubali, Asya. Na elimu ni ya watu wote. Isipohifadhiwa itapotea."

"Alikubali umsikie wewe! Nani alikwambia umtembeze?"

Itapotea! Imetoka kwa bibi wa bibi yetu, imevuka bahari pamoja nasi, haikupotea mpaka alipokuja yeye kuihifadhi. Dada, mimi nafundisha hisabati skuli, siichukii elimu yao. Jedwali la kuzidisha msomee yeyote, halina haya. Maneno ya somo yana wakati wake na sikio lake. Ukiyatoa hapo unamvua mtu nguo. Wale wa kwao aliwalilia, maana hakuwa na kazi nao. Sisi ndio tuliokuwa kazi yake. Nimemwambia asikanyage kwangu tena.

Sasa shida yenyewe. Shangazi kakataa kumfunda Raya. "Mtoto keshayasikia pamoja na mkwe wake," kasema. "Nimwambie nini tena? Khalas." Harusi ni baada ya Idi. Raya analia, anasema ataingia kwa mumewe kama mtu asiye na kwao. Mimi siwezi, unajua mama hamfundi mwanawe. Umebaki wewe. Nakuomba uje, na ukija usimsikilize mtu atakayekwambia siku hizi mambo haya yamepitwa na wakati.

Nisalimie shemeji, nisalimie mama mkwe wako, na wifi yetu wa Ng'ambo mwambie kanga alizoleta zimefika. Baba Raya anakusalimu, naye amekasirika kuliko mimi, ila yeye hasira zake hunyamaza.

Shangazi hakutuma salamu. Nilimuuliza nikuandikie nini kwa upande wake. Akasema:

"Mwambie aje. Na akianza kumfunda mtoto, mimi nitoeni nje."

Mdogo wako,
Asya